Kijitabu cha Tatu Nilichokificha

Karakana ya Kujalidi Vitabu,
Chumba cha chini, mkabala na kinyozi.
Jumatatu asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulicholalamikia mwezi uliopita kimekwisha. Kama bado kipo, acha ubishi uende kwa daktari, maana wewe na dawa hamjapatana tangu utotoni. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mwanao Chiriku naye hajambo kwa mwili. Kwa moyo, nitakueleza.

Ningeweza kukupigia simu. Tangu juzi nimeinua simu mara tatu na mara tatu nimeiweka chini. Kwenye simu wewe una maneno mengi na mimi nina huruma nyingi, na tukimaliza kuongea najikuta nimekubali jambo ambalo sikutaka kulikubali. Karatasi haikatizwi maneno. Kwa hiyo kaa chini, usome mpaka mwisho, na usiruke aya.

Nianze na habari nyepesi. Paa la karakana limeacha kuvuja, baada ya fundi kulipanda mara nne na kila mara akishuka anaapa kwamba sasa amemaliza. Nimepata kazi ya kujalidi upya madaftari ya zamani ya maktaba ya shule, zaidi ya mia mbili. Mgongo unauma lakini roho inafurahi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara bado anajiona daktari, wakili na mtabiri wa mpira kwa wakati mmoja. Akikunyoa unatoka na ushauri mwingi kuliko nywele zilizopungua.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka nilikuandikia kuhusu kundi letu la wasomaji. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi alasiri hapa karakana, na tuko sita: mimi, Chiriku, kinyozi, muuguzi wa zahanati ya jirani, mwalimu mstaafu aliyemfundisha Chiriku kusoma, na tangu mwaka jana, mchumba wa Chiriku, fundi saa. Vitabu ni vichache na hamu ni kubwa, basi tuna desturi yetu. Kitabu kikija, nakitoa mgongo kwa kisu changu, nakigawa vijitabu vitano, kila kimoja nakishona na kukivalisha karatasi ya kaki. Hivyo mmoja akiwa mwishoni, mwingine yuko katikati, na hakuna anayekumbatia kitabu kizima mwezi mzima kama mtoto wake.

Sheria zetu ni mbili. Kila msomaji aandike maoni yake pembeni kwa penseli, na ni mwiko kufuta maneno ya mwenzako. Tukimaliza naviunganisha vijitabu tena, na ugomvi wetu wote unabaki mle ndani. Wapo wanaosema naharibu vitabu. Wacha waseme.

Riwaya ya zamu hii ni ya mapenzi ya zamani, enzi za misafara na ngome. Kuna mwana wa mfanyabiashara wa chumvi, ambaye baba yake anafukuzwa mjini kwa uongo wa hakimu. Miaka ishirini baadaye kijana anarudi tajiri, amebadilisha jina, anamposa binti wa hakimu yule yule. Hakimu hamtambui, anafurahi, anatoa mkono. Baada ya harusi kijana anampeleka mkewe kwenye nyumba ya mawe mlimani, anamwambia yeye ni nani hasa, kisha anafunga milango na hamsemeshi mwaka mzima. Mwishoni anaugua homa kali, mke anamuuguza, homa inashuka na chuki inashuka nayo. Wanapendana, kitabu kinakwisha.

Penseli zilifanya kazi, mdogo wangu. Kinyozi alilia. Kwenye ukurasa wa homa aliandika kwamba haya ndiyo mapenzi ya kweli, akapigia mstari mara tatu mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake muuguzi akaandika kwamba ameuguza wanaume wenye homa kwa miaka kumi na tisa na hajaona hata mmoja aliyeamka na tabia mpya. Angekuwa yeye, aliongeza, angeondoka kwenye nyumba ile wiki ya kwanza, tena kwa kupitia dirishani.

Mwalimu mstaafu hakugombana na kijana, aligombana na mwandishi. Alisema mwandishi amemwonea huruma mtu wake, akamtafutia ugonjwa ili asilazimike kuomba msamaha kwa mdomo. Mimi nilikuwa kati. Nilimchukia yule kijana kwa dhati, kisha nikajikuta naunguza mboga kwa kutaka kujua atafanya nini. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukitaniana mpaka wiki mbili zilizopita.

Kuhusu fundi saa huna haja ya kuambiwa mengi, maana wewe mwenyewe uliongea naye kwa simu ukaniandikia kwamba kijana ana adabu na sauti ya mtu mkweli. Ana miaka ishirini na tisa, na kibanda cha vioo kwenye kona ya soko. Kile kioo chake cha jichoni hukisahau usoni, akaja kukusalimia na jicho moja kubwa kuliko jingine. Posa ililetwa na baba yake mdogo. Tuliambiwa baba mwenyewe ana matatizo ya miguu. Jina lake lilitajwa, likatupita kama jina la mtu yeyote, nasi tukapanga harusi iwe Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita kijitabu cha tatu kilirudi kutoka kwa fundi saa, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Chiriku. Nilikifungua kuangalia kama uzi haujalegea. Kuna mahali kijana wa riwaya anamsimulia mkewe jinsi baba yake alivyolazimishwa kutia dole gumba kwenye karatasi ya hakimu. Pembeni palikuwa na mwandiko mdogo, ulionyooka, wa mtu aliyezoea kushika vitu vidogo. Nakunukulia neno kwa neno:

"Baba yangu alisaini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, na mwanamke mmoja wa chumba cha kushonea alimshikia karatasi isiteleze."

Mwanamke huyo ni mimi, nawe unajua.

Nilikaa kwenye stuli. Gundi ilikuwa jikoni inachemka na sikusikia mpaka ilipoanza kunuka. Miaka ishirini na tatu wewe na mimi hatujawahi kulitamka jambo hili, hata siku tulipomzika mama wa Chiriku, tulipokuwa tumekaa wawili tu chumbani na tungeweza kusema lolote. Basi leo nitaliandika lote, ili usije ukasema hukunielewa.

Wewe ulikuwa msimamizi wa zamu pale kiwandani, na mimi nilikuwa nashona vitabu chumba cha pili. Zilibaki siku nne shule zifunguliwe na madaftari hayajafika hata nusu. Kwenye mashine kubwa ya kukatia karatasi alikuwa Kipimo. Sote tulimwita hivyo kwa sababu alikata kwa jicho na rula ikaja kukubaliana naye baadaye. Jina lake halisi sidhani kama watatu kati yetu walilijua. Kile kikingio cha chuma mbele ya kisu kilikuwa kinachelewesha kazi. Nilisikia kwa masikio yangu ukimwambia akitoe. Alikataa. Ukamwambia tena, akakataa tena. Mara ya tatu ukakitoa mwenyewe, ukakiegemeza ukutani karibu na mlango wetu, na mimi nilikipita mara mbili nikienda kunywa maji. Kabla ya chakula cha mchana kisu kilishuka kwenye vidole vyake vinne.

Ripoti ikasema Kipimo alikitoa kikingio yeye mwenyewe, kinyume cha amri. Siku ya tatu uliniomba nikusindikize hospitali. Ulisema mgonjwa hatapiga kelele mbele ya mwanamke, na kwamba kusaini ni utaratibu tu. Nilishika karatasi. Sikusoma jina lililokuwa juu yake, nilikuwa nautazama ule mkono. Alifukuzwa kazi akiwa bado kitandani. Nilijiambia kwamba Chiriku ana mwezi mmoja, mama yake hajiwezi, na wewe ukipoteza kazi nyumba nzima inaanguka. Yote yalikuwa kweli. Lakini Kipimo naye alikuwa na mtoto, na hilo sikutaka kuliuliza.

Unataka kujua nilifanya nini baada ya kusoma yale maneno? Nilifanya kile nilichozoea kufanya kwa ajili yako. Nilichukua kifutio, nikakisogeza karibu na mwandiko, mkono ukagoma, kwa sababu sheria ya kutofuta niliitunga mimi. Basi nikakitia kijitabu kwenye mashine ya kubania, chini ya madaftari ya maktaba, nikakaza skrubu. Chiriku alipokuja nikamwambia cha tatu kimeachia uzi, aendelee na cha nne na cha tano, hatapungukiwa na kitu. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Fundi mzima wa vitabu, namwambia mtu asome kitabu kisicho na tumbo.

Na Chiriku alikisoma hivyo hivyo. Alitoka kwenye shangwe za harusi akaingia moja kwa moja kwenye homa. Nyumba ya mawe hakuiona, milango iliyofungwa hakuiona, ule mwaka wa kimya hakuuona. Alimwona mume mgonjwa na mke mwenye huruma, akaja kwangu macho yakimng'aa, akasema hajawahi kusoma kitabu kitamu kama hicho.

Mimi nilianza kupanga upya kila alichowahi kufanya fundi saa. Siku ya kwanza aliingia karakana kuuliza karatasi laini ya kufungia vioo vya saa. Kwa nini aje kwangu na asiende dukani? Kwa nini hajawahi kutupeleka kwao? Baba yake miguu inamuuma kweli, au hakutaka kukanyaga mlango wetu? Nilikuwa nikimwona amekaa karibu na mwanao, wanacheka, naye anampimia kidole kwa uzi ili apate saizi ya pete ya harusi. Kila swali nililojiuliza lilinirudisha kwenye nyumba ile ya mawe. Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa kwamba tunamkabidhi Chiriku kwa mtu aliyekuja kutulipizia.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kufunga mjadala. Nilifikiria kusingizia goti, lakini walikuja wote kabla sijapata la kusema. Muuguzi akaanza kumrarua kijana wa riwaya, kinyozi akamtetea, na mambo yakaenda kama kawaida yetu mpaka Chiriku alipoingilia. Alisema muuguzi hana haki. Mwanaume aliyekuja na kisasi akaishia na mapenzi, alisema, ni bora kuliko wengi wanaokuja na mapenzi wakaishia na mengine. Tena binti wa hakimu hakuteswa na mtu, alipelekwa tu kuishi mlimani.

Muuguzi akamuuliza kuhusu ule mwaka wa kimya. Chiriku akauliza mwaka gani. Kinyozi, kwa kuwa ni kinyozi, akamsimulia kijitabu cha tatu chote kwa mikono na miguu, kufuli moja baada ya jingine, mpaka pale mke anapoongea na sufuria ili asisahau sauti yake. Nilimwona mwanao anavyobadilika uso. Kisha akageuka akanitazama mimi.

Mwalimu, ambaye hakujua anakoroga nini, akamgeukia fundi saa akasema yeye peke yake ndiye hajatoa maoni. Fundi saa alikivua kile kioo chake, akakifuta kwa shati, akakishika mkononi. Alipoongea alikuwa ananitazama mimi, wala hakumtazama mwalimu.

"Yule kijana hakukosea kuoa," alisema. "Alikosea kubadilisha jina. Angeingia kwa jina la baba yake, binti angejua, angechagua mwenyewe."

Kinyozi akacheka, akasema hapo kungekuwa hakuna riwaya. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Shangazi," Chiriku akasema, "kijitabu cha tatu kiko wapi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nililegeza skrubu mbele yao wote, nikaondoa madaftari moja moja, nikampa. Alisoma akiwa amesimama, kwa haraka, kidole kikiteremka na mistari, mpaka kidole kikasimama. Akaurudia ule mwandiko mara mbili. Akamuuliza fundi saa kama huyo ni baba yake kweli, naye akaitikia kwa kichwa. Akauliza mwanamke aliyeshika karatasi ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza karatasi iliandikwa na nani.

Nikalitaja jina lako. Mbele ya watu, mdogo wangu. Najua utakasirika kwa hilo kuliko kwa yote, na ukikasirika kasirika, lakini mtoto aliuliza akinitazama machoni.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na akili. Alichukua mkoba wake, akamshika kinyozi kwa mkono wa shati, akatoka naye, muuguzi akafuata. Tukabaki watatu. Fundi saa hakujitetea. Alisema alitujua tangu siku ya kwanza. Siku hiyo alikuja na moyo mbaya, alitaka tu kuona sura za watu wanaolala usingizi baada ya jambo kama lile. Chiriku alimpa karatasi bure na kumcheka kioo chake cha jichoni. Wiki iliyofuata alirudi, na safari hiyo hakuhitaji karatasi. Baada ya hapo kila siku alikusudia kusema na kila siku ulimi ukamsaliti. Baba yake alipojua anaoa kwetu, alimwambia kitu kimoja tu, kwamba atuambie yeye ni mtoto wa nani, la sivyo asithubutu. Penseli ndiyo njia pekee aliyoiweza.

Chiriku akamuuliza swali moja. "Ulipokuja kunichumbia, ulikuja kwangu au kwa baba yangu?"

"Siku ya kwanza nilikuja kwa baba yako. Siku zote zilizobaki nilikuja kwako."

Mwanao akamwambia kwamba hivyo ndivyo angejibu yeyote wa kwenye riwaya. Akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya kijitabu, bila hasira, kama mtu anayevua pete ili aoshe vyombo. Akasema haivai tena wala haitupi mpaka amwone mzee.

Jana Jumapili tulikwenda, mimi na yeye. Fundi saa alituelekeza lakini hakuja, Chiriku alimkataza. Kipimo anaishi vyumba viwili juu ya duka la viatu. Chumba cha mbele kina meza moja, viti vinne, na ukutani saa saba, zote zinakwenda sawasawa. Miguu yake haina tatizo lolote, alitufungulia mlango mwenyewe. Alinitambua kabla sijasema jina. Chai alitutengenezea yeye, kwa mkono wa kushoto, na Chiriku alipotaka kumsaidia alimwambia akae tu.

Nilikuwa nimeandika maelezo yangu usiku wa kuamkia jana, kurasa mbili: nilichosikia, kikingio nilichokiona ukutani, nani alikitoa, na mimi nilifanya nini hospitalini. Nikamsomea. Sauti ilikatika mara mbili na Chiriku hakunisaidia. Mzee alisikiliza anatazama dirishani. Nilipomaliza, nikamwomba msamaha.

"Wewe ulishika karatasi," alisema. "Aliyeiandika bado hajaja."

Kisha alituambia jambo ambalo sikulijua, na sijui kama wewe unalijua. Kule kiwandani, mpaka leo, mfanyakazi mpya akiwekwa kwenye mashine ya kukatia, anasimuliwa habari za Kipimo mbishi aliyetoa kikingio kwa kiburi akajikata. Wanamfanya mfano. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanalijua jina lake kwa upumbavu huo. Alisema vidole alishavizoea kuvikosa. Hilo jingine hajalizoea.

Hataki mahakama, hataki fidia, alisema hivyo mara mbili. Anataka vitu viwili. Uje ukae kwenye kiti kimojawapo kati ya vile vinne, umwambie kwa mdomo wako, mbele ya mwanawe na mbele ya binti yako, kwamba kikingio ulikitoa wewe. Na uandike hivyo kiwandani. Kuhusu harusi, alimgeukia Chiriku akamwambia hana neno naye hata moja, alikuwa mtoto wa mwezi mmoja. Hatamzuia mwanawe. Ila hatahudhuria harusi ambayo utakaa mbele unapongezwa, na uongo wako umekaa pamoja nawe. Alisema pia kwamba hataki mkwe aliyeingia kwake kwa kumhurumia.

Tulirudi kwa miguu, Chiriku hakusema kitu njia nzima. Unamjua, wewe ndiye uliyempa jina hilo kwa sababu hakunyamaza hata akilala. Asubuhi ya leo, mezani, nikamuuliza sasa anaamua nini. Akaniambia kwamba sisi sote tumegombana wiki tano kuhusu yule kijana, kama alistahili kusamehewa au la, na kuhusu yule mke, kama alipaswa kuondoka au kubaki. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika neno moja kuhusu hakimu.

"Hakimu alikufa kwenye kijitabu cha nne, kitandani kwake, na watu wakamlilia," alisema. "Hakuna aliyemuuliza. Baba yangu bado yuko hai, shangazi. Muulize."

Basi nakuuliza.

Harusi iko pale pale tulipoipanga, au haipo kabisa, na hilo haliamui fundi saa wala mzee. Mwanao anasema hataingia kwenye nyumba ya watu huku uongo wa baba yake ukiwa umetangulia. Anampenda kijana yule. Jana nilimwona akiigusa saa ndogo ya mkononi ambayo kijana alimtengenezea. Lakini unamjua mwanao, akisema hapana huwa ni hapana. Ukikaa kimya, atalikosa pendo hili kwa sababu yako, na hatakulaumu kwa kelele. Atanyamaza tu, nawe utakuwa ukijua kwa nini.

Nakala ya maelezo yangu iko ndani ya bahasha hii. Nyingine naipeleka kiwandani Ijumaa ya wiki ijayo, ujibu au usijibu. Ningependa iende pamoja na yako.

Usifikiri nimekuacha. Nilikubeba mgongoni kabla sijaweza kubeba ndoo, na nikiambiwa leo nichague ndugu nitakuchagua wewe tena. Lakini nimechoka kukuogopea. Nilikuwa nadhani nakulinda, kumbe nilikuwa nakuzuia usiwe mtu mzima. Kwa hilo nawe nakuomba radhi.

Nisalimie binamu yetu unayekaa naye na mke wake, na uwaambie wale mapacha shangazi yao amewashonea daftari moja moja la kuchorea. Msalimie pia yule mzee wa jirani anayekukopesha magazeti. Huku mwalimu mstaafu anakusalimia. Alikuja leo kabla ya mimi kuanza kuandika, hakuuliza kitu, aliniletea limau kwa ajili ya goti. Mungu akulinde njiani, maana naomba uwe njiani kabla wino huu haujakauka vizuri.

Nilimuuliza Chiriku kama ana salamu za kukupa. Alisema anazo, ila kaziacha kwa Kipimo, ukazichukue huko mwenyewe.

Ni mimi dada yako, akupendaye leo zaidi ya jana.